Mizani ya jukwaa ya kilo 150 kwa klabu ya ngumi: alama 7 kati ya 10

Mizani yenyewe ni ile ile ya wauza nafaka. Sahani ya chuma ya kama sentimita 40 kwa 50, nguzo nyuma yake, kisanduku cha namba juu ya nguzo, betri ya kuchaji ndani, uwezo wa kilo 150, hatua ya gramu 50. Ukipita Soko la Majengo hapa Dodoma utaiona, na ukienda Kibaigwa siku za mavuno ya mahindi utachoka kuiona. Klabu ya ngumi ikiinunua, mizani hiyo inaangukiwa na kazi mbili. Asubuhi inapima mabondia. Jioni watu wakishakaa inageuzwa hakimu wa mabishano ya mabondia maarufu: Durán na Roy Jones nani zaidi, Pacquiao alipanda madaraja ya uzito kweli au alibebwa, Crawford kumpiga Canelo kuna ukubwa gani. Kazi ya kwanza inaiweza vizuri. Ya pili inaiweza nusu, na hapo ndipo alama tatu zilipokatwa.

Hatua ya gramu 50 ndiyo sababu ya kuichagua hii na kuiacha ile ya kioo ya bafuni. Ngumi za kulipwa zinahesabu kwa pauni, na pauni moja ni gramu 453.6. Kikomo cha super welter, uzito aliopigania Hassan Mwakinyo alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham Septemba 2018, ni pauni 154, yaani kilo 69.85. Mizani ya bafuni inaruka kwa gramu 100, kwa hiyo namba hiyo haina, ina 69.8 na 69.9. Ya kwanza ni pauni 153.9, ya pili 154.1. Bondia aliyekaa barabara kwenye kikomo anaonekana amepita au amezidi kutegemea sahani imeamkaje siku hiyo. Ya jukwaa inasoma 69.85 bila kubabaika. Unyoya, pauni 126, ni 57.15, nayo inaipata. Super middle, pauni 168, ni 76.20, inaipata pia. Welter ndiyo inayosumbua kidogo: pauni 147 ni kilo 66.68, na mizani ina 66.65 au 66.70. Chukua 66.65 kuwa amepita, 66.70 ni ziada ya gramu ishirini na kitu, mkufu na hirizi vinatosha kuziondoa.

Kuiweka kunahitaji dakika ishirini, na wengi wanaruka hatua hii. Sakafu iwe ya saruji au vigae, si mkeka wa povu wa mazoezi. Sahani ikizama kwenye povu, sehemu ya mzigo inaegemea sakafu bila kupita kwenye kihisio, na namba inadanganya. Zungusha miguu minne mpaka kiputo cha pima maji kikae katikati ya duara. Kama mizani haina kiputo, weka pima maji ya fundi ujenzi juu ya sahani, kwa urefu kisha kwa upana. Iwashe, iache dakika kumi na tano ipate moto wake, ndipo uirudishe sifuri. Kisha omba jiwe la kilo 20 kwa muuza nafaka, lile lililokaguliwa na Wakala wa Vipimo, uliweke katikati, halafu kwenye kila pembe. Pembe zote zikisoma ndani ya gramu 50, sawa. Pembe moja ikikataa, mara nyingi ni mguu unaoning'inia au kokoto chini ya sahani. Mwisho weka mawe matatu pamoja, kwa sababu mizani inayosema kweli kwenye kilo 20 inaweza kuteleza kwenye 60, na mabondia wako wapo huko kwenye 60.

Usipopata mawe, dumu la lita 20 linafaa. Lipime tupu, lijaze maji mpaka alama ya lita, lipime tena; tofauti iwe kilo 20, au karibu sana na hapo kwa sababu alama za dumu si za maabara.

Vumbi la Dodoma ni adui wake. Linaingia chini ya sahani, linashikamana na jasho, na baada ya miezi michache mizani inakataa kurudi sifuri. Inua sahani kila wiki, pitisha brashi kavu, usimwage maji. Usipimie nje kwenye upepo wa kiangazi. Sahani pana kama hiyo inasukumwa na upepo na namba zinacheza. Na mkataze kijana yeyote kuiruka juu. Kihisio kinaweza kubeba kilo 150 zilizotulia, lakini kilo 80 zinazotua kwa kishindo zinaweza kukikunja, na kikishakunjwa hakirudi.

Kabla hujalipa, fanya jaribio moja dukani. Panda, soma namba, shuka. Shika chupa ya maji ya nusu lita, panda tena. Namba iongezeke kwa nusu kilo. Mizani nyingi za bafuni zina ujanja wa kukumbuka: ukipanda mara ya pili na tofauti ni ndogo, zinarudia namba ya kwanza ili zionekane hazitetereki. Mtu anazisifu, kumbe zinakariri. Za jukwaa kwa kawaida hazina tabia hiyo, ila jaribu, kwani kisanduku cha namba siku hizi kinafungwa kwenye mwili wowote.

Sasa kazi ya jioni.

Udhaifu wa kwanza si wa mizani, ni wa saa. Mizani inasema ulikuwa na kilo ngapi ulipokuwa umesimama juu yake. Zamani hilo lilitosha, kwa sababu bondia alipima siku ile ile ya pambano. Kuanzia miaka ya 1980 upimaji ulihamia siku moja kabla, na hapo katikati yakaingia masaa ishirini na nne au zaidi ya kunywa na kula. Lita moja ya maji ni kilo moja, pauni 2.2. Wanga unarudi ndani ya misuli pamoja na maji yake, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga. Ndiyo maana mtu aliyejikausha kwa siku tatu anaweza kupanda ulingoni akiwa na kilo tano, sita, hata saba zaidi ya alizoonyesha mbele ya kamera.

Mfano wenye uchungu ni Arturo Gatti na Joey Gamache, New York, Februari 26, 2000. Mkataba ulikuwa pauni 141. Usiku wa pambano Gamache alipimwa karibu 145, Gatti karibu 160. Raundi ya pili Gamache alilala, na hakupigana tena. Alipata madhara ya ubongo. Kwenye karatasi walikuwa uzito mmoja. Mizani ilikuwa nzima, iliulizwa swali siku ambayo si yake.

Vyama vinavyotoa mikanda ya ubingwa vimejaribu kuziba. IBF kwa miaka mingi kwenye mapambano ya ubingwa ilipima tena asubuhi ya siku ya pambano, na bondia hakuruhusiwa kuzidi kikomo kwa zaidi ya pauni 10. WBC inataka uzito siku 30 kabla na siku 7 kabla, usizidi asilimia 10 na asilimia 5 juu ya kikomo. Klabu haina haja ya kusubiri chama. Pima kijana asubuhi ya upimaji rasmi, pima tena saa moja kabla hajafungwa glavu, andika zote mbili kwenye daftari. Mwezi wa tatu utakuwa unajua nani ni super welter na nani ni middle (uzito wa kati, pauni 160) aliyejificha.

Na kwa joto la hapa, neno moja kwa makocha. Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla halijadondoka, kijana anadhani hajapoteza kitu. Mpime kabla ya mazoezi na baada, bila nguo zilizoloa. Akiwa wa kilo 70 na amepoteza 1.4, hiyo ni asilimia mbili, na nguvu zinaanza kupungua. Arudishe mara moja na nusu ya alichopoteza, karibu lita mbili na robo kwa kilo moja na nusu, akinywa kidogo kidogo. Suti ya nailoni kwenye jua la saa saba mchana si kupunguza uzito. Ni kukausha maji yanayozunguka ubongo siku chache kabla ya kupigwa kichwani.

Turudi kwenye ukubwa. Ukishajua mizani inasoma saa gani, baadhi ya hadithi zinapanda bei na nyingine zinashuka. Henry Armstrong alipomvua Barney Ross ubingwa wa welter Mei 31, 1938, alipimwa pauni 133 na nusu, Ross 142. Ilikuwa siku ile ile. Kwa hiyo pauni nane na nusu zile zilikuwepo ulingoni kweli, raundi 15. Agosti mwaka huo akachukua na uzito mwepesi, pauni 135, akawa anashika unyoya, mwepesi na welter kwa wakati mmoja, enzi ambazo dunia nzima ilikuwa na madaraja manane tu yenye heshima.

Weka Pacquiao pembeni yake. Novemba 2010 na Antonio Margarito, ubingwa wa super welter wa WBC, mkataba pauni 150 badala ya 154. Pacquiao alipima 144.6, Margarito 150. Tofauti ya pauni tano na nusu, si ajabu. Usiku wa pambano Pacquiao alikuwa 148, Margarito 165. Pauni kumi na saba, karibu kilo nane, halafu Margarito ni mrefu wa sentimita 180 na Pacquiao 166. Pambano hilo ni kubwa kuliko mizani ilivyosema.

Miaka miwili nyuma, Desemba 2008, ilikuwa kinyume. Pacquiao alipanda mpaka 147 kumkabili Oscar De La Hoya, na dunia ikasema kijana mdogo amemwangusha mkubwa. Wakati wa kupima De La Hoya alikuwa 145, chini ya kikomo, uzito ambao hakuugusa tangu 2001. Usiku wake alikuwa 147. Pacquiao 148 na nusu. Mdogo ndiye aliyekuwa mzito. Ushindi ni ushindi, ila anayeuweka juu ya ule wa Margarito kwa sababu ya ukubwa wa mpinzani, anasoma jina, hasomi daftari.

Kosa jingine la vijiweni ni kuhesabu madaraja kama ngazi za nyumba, kana kwamba zote zina kimo kimoja. Kutoka pauni 105 kwenda 108 ni asilimia 2.9. Kutoka 168 kwenda 175 ni asilimia 4.2. Kutoka 175 kwenda 200 ni asilimia 14.3, ngazi moja yenye kimo cha ngazi nne. Armstrong kutoka 126 mpaka 147 alipanda ngazi mbili za wakati wake, asilimia 16.7, leo safari ile ile ni ngazi nne, na mtu anapewa sifa mara mbili kwa njia moja. Crawford kutoka 135 mpaka 168 ni asilimia 24.4. Durán kutoka 135 mpaka 160 ni 18.5. Pacquiao kutoka 112 mpaka mkataba wa 150 ni karibu 34. Chukua kalkuleta ya simu, toa kikomo cha chini kwenye cha juu, gawa kwa cha chini. Sekunde kumi, na nusu ya kelele inaisha.

Nusu iliyobaki haimalizwi na mizani hata kidogo. Inahitaji futi.

Thomas Hearns alikuwa na sentimita 185 na mikono ya sentimita 198 akiwa bingwa wa welter, pauni 147. Mikono hiyo ni sawa na ya Oleksandr Usyk, bingwa wa uzito wa juu. Sebastian Fundora ana sentimita 197 za kimo na anapigania super welter. Watu wa namna hii hawapandi, wanajaa. Umri unawaongezea nyama kwenye mifupa iliyokuwa tayari pale. Kwa hiyo ukiniambia Hearns alichukua mikanda kutoka 147 mpaka 175, nitakubali orodha, ila sitampa alama za udogo ambazo nampa Durán. Nitampa za mpinzani: Virgil Hill alikuwa hajapoteza hata pambano moja Hearns alipomshinda Juni 1991 kwenye 175. Hilo linasimama lenyewe, halihitaji kupambwa kwa neno la kupanda.

Na upande wa pili wa shilingi hiyo: mrefu anayejibana kwenye uzito mdogo akatwe alama. Anapomshinda mfupi kwa mkono wa kushoto wa mbele kwa raundi 12, sehemu ya ushindi ule ni ya futi.

Ndiyo maana pambano la Septemba 13, 2025, Las Vegas, linahitaji vipimo viwili. Crawford aliruka kutoka 154 mpaka 168, wote wawili wakapima 167.5, akamshinda Canelo kwa pointi na kubeba mikanda yote ya super middle. Kwa mizani, mdogo amepanda madaraja mawili kwa mkupuo, jambo zito. Kwa futi, vimo vyao vinakaribiana sana, na mikono ya Crawford ni sentimita 188 dhidi ya 179 za Canelo. Aliyepanda ndiye aliyekuwa na mikono mirefu. Canelo mwenyewe ni mtu aliyeanza chini akanenepa kuja 168, si super middle wa kuzaliwa. Hilo halimshushi Crawford. Uzito wa ngumi za Canelo na unene wa shingo yake ni vitu halisi. Linamwondoa tu kwenye hadithi ya Daudi na Goliathi na kumweka mahali pake: fundi aliyebeba zaidi ya kilo sita za ziada bila kupoteza kasi ya miguu. Binafsi naona hilo ni gumu kuliko lile la Daudi, maana kombeo haliongezi uzito wa mwili.

Kupima mikono kunaharibika kirahisi. Kanda ya fundi cherehani ina sentimita 150, haimfikii hata bondia wa unyoya akitanua mikono, na ya plastiki inavutika. Tumia futi ya chuma ya seremala ya mita tatu. Msimamishe ukutani, visigino na mabega vimegusa, mikono imenyooka usawa wa bega, viganja mbele. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya kidole cha kati cha kila mkono, mwondoe, pima alama kwa alama. Wengine wanapima kutoka kwapani, wengine kutoka bega moja halafu wanazidisha kwa mbili, ndipo unaona kijana mmoja ana sentimita 178 kwenye bango la pambano hili na 186 kwenye la mwezi ujao.

Kuna na karatasi ya tatu, mkataba. Novemba 7, 1988 Sugar Ray Leonard alipigana na Donny Lalonde, bingwa wa WBC wa uzito wa juu mwepesi, pauni 175. Mkataba ukamlazimisha Lalonde ashuke mpaka 168, na mikanda miwili ikawekwa mezani kwa pambano moja, wa 168 na wa 175. Leonard akashinda akaondoka na yote. Kwenye orodha anaandikwa bingwa wa uzito wa juu mwepesi bila kupigana hata mara moja kwenye pauni 175. Uzito wa makubaliano si dhambi, wapiganaji wanakutana pale maslahi yanapokutana, lakini daftari lako liwe na safu yake. Cotto na Pacquiao mwaka 2009 ni hivyo hivyo, 145 kwa mkanda wa 147.

Kwa uzito wa juu mizani inabaki pambo la televisheni, kwa kuwa hakuna cha kupita wala kushindwa. Hapo namba inasaidia wabishi tu, na hata hiyo inahitaji msomaji mwenye macho. Mei 2024 Riyadh, Usyk alitangazwa pauni 233.5 kabla ya kukutana na Tyson Fury. Baadaye ikasahihishwa, ilikuwa 223.5. Mizani haikukosea, tarakimu moja ilisomwa vibaya, na kwa masaa kadhaa dunia ilikuwa inachambua misuli ambayo haipo. Kwenye klabu dawa yake ni rahisi: wasomaji wawili, mmoja anataja kwa sauti, mwingine anaandika, bondia mwenyewe anaangalia.

Usyk ndiye kipimo kizuri cha wakati wetu kwenye suala hili. Alikusanya mikanda yote ya cruiser, daraja la pauni 200, mwaka 2018, akaja juu, akamshinda Fury mara mbili. Desemba 2024 Fury alikuwa pauni 281, Usyk 226. Pauni 55, kilo 25, mfuko wa sukari ya jumla nusu. Futi nayo inasema sentimita 206 kwa 191, mikono 216 kwa 198. Vipimo vyote vitatu vinaelekea upande mmoja na aliyeshinda ni wa upande mwingine. Mbele ya kitu kama hicho hakuna kalkuleta.

Roy Jones na John Ruiz, Machi 1, 2003, pauni 193 kwa 226, linanikaa chini kidogo ya hapo. Bingwa wa zamani wa uzito wa kati kuchukua mkanda wa uzito wa juu, jambo ambalo halikuonekana tangu Bob Fitzsimmons mwaka 1897. Ruiz hata hivyo alikuwa mtu wa kukumbatia, si wa kuangusha, na alichaguliwa. Deni la pambano lile lililipwa baadaye: Jones alishuka tena mpaka 175 Novemba mwaka huo, akamponea chupuchupu Antonio Tarver, na Mei 2004 akaangushwa raundi ya pili. Kupanda kwa misuli ni kazi. Kuishusha misuli ile ukiwa na miaka 34 ni kazi nyingine, na mizani inasoma zote mbili kwa tarakimu zile zile bila kukuambia ipi ilikula mwili. Michael Spinks alipomshinda Larry Holmes mwaka 1985, 200 kwa 221 na nusu, hakurudi chini tena.

Sasa Durán. Februari 24, 1989, Atlantic City, ana miaka 37, sentimita 170, mtu aliyetawala pauni 135. Mbele yake Iran Barkley, sentimita 185, bingwa wa uzito wa kati aliyemmaliza Hearns raundi ya tatu miezi minane kabla. Hakuna mkataba wa kumkausha Barkley, pambano liko kwenye 160 yenyewe. Durán akamwangusha raundi ya 11 na kuchukua kwa pointi, majaji wakigawanyika. Ukipitisha pambano hilo kwenye daftari, asilimia ipo, kimo kipo, mpinzani ni wa uzito ule kweli, umri unavuta chini, mkataba msafi. Wale wanaomweka Jones juu ya Durán kwa sababu pauni 33 zinaonekana kubwa kuliko pauni chache za siku ile, wanasahau kuuliza ni nani aliyekuwa anatupa ngumi upande wa pili.

Ngumi za ridhaa zinaiheshimu mizani zaidi. Kwenye mashindano bondia anapima asubuhi ya kila siku anayopigana, kwa hiyo kujikausha na kujijaza hakulipi. Dhahabu ya Michael Yombayomba ya uzito wa bantam, Jumuiya ya Madola 1998 Kuala Lumpur, ilipatikana kwa utaratibu wa namna hiyo.

Glavu usizipime kwenye mizani hii. Aunsi 8, zinazovaliwa mpaka welter, ni gramu 227. Aunsi 10, za juu ya hapo, ni gramu 283. Mizani ya hatua ya gramu 50 itakuonyesha 250 na 300, au isikuonyeshe kitu kabisa kwa vile mzigo ni mdogo mno kwake. Mizani ya jikoni ya kupimia unga wa keki ndiyo yake. Na usiidharau tofauti hiyo unapomjadili mtu aliyetoka 147 kwenda 154: anapiga akiwa na mto mnene zaidi, na mpinzani wake naye vilevile, na wapigaji wa ngumi nzito hupoteza kidogo cha kile kilichowafanya waogopwe chini.

Kununua. Chagua yenye nguzo, si ya kisanduku cha kulala chini. Bondia anayeinama kusoma namba anahamisha uzito kwenda vidoleni na namba inacheza. Hakikisha betri inashika bila umeme, kwa kuipima dukani ikiwa imechomolewa. Betri ikichoka namba zinaanza kutambaa zenyewe kabla taa ya onyo haijawaka, kwa hiyo ichaji usiku wa kuamkia upimaji na uichomoe asubuhi. Dai adapta yake, risiti, na maandishi ya muda wa dhamana. Angalia pia kitufe cha kubadili kipimo. Baadhi ya visanduku vina kilo, pauni, na kipimo cha Kichina cha nusu kilo kinachoitwa jin. Ukigusa bila kujua, kijana wa kilo 63.5 anasoma 127 na kona nzima inaanza kupiga kelele. Bandika kipande cha plasta nyeupe juu ya kitufe hicho siku ya kwanza, uandike kwa kalamu ya wino: USIGUSE.